Nilivyomtangazia Nasim Ugonjwa Asio Nao

Jamani, leo nimejivua nguo mchana kweupe, darasani, kwa mikono yangu mwenyewe. (Ni msemo tu. Blauzi ninayo.)

Kabla hamjaendelea kusoma, ile barua pepe yangu ya asubuhi ifuteni. Ambao hamjaifungua, msiifungue. Mlioifungua mkalia, pangusani machozi. Nasim ni mzima. Hana virusi vya aina yoyote, vya damu wala vya kompyuta. Mwenye matatizo ni mimi.

Naanza mwanzo, maana kuna waliojiunga juzi na kundi letu hili la barua pepe, la tuliosoma pamoja, na hawajui nani ni nani.

Mimi Manka nafundisha kompyuta hapa Moshi mjini, katika kituo kidogo kilicho ghorofani, juu ya duka la vipuri. Humu kwenye kundi mmenifanya daktari. Kompyuta ya mtu ikipiga chafya huko Mwanza, ananiandikia. Nami namjibu kwa maneno mazito, kama bingwa. (Bingwa. Subirini.)

Nasim ni yule binti wa duka la vitambaa. Tulisoma darasa moja. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi, nyumba ya nyuma ya duka lao. Biashara zilipofunguliwa na watu wakaanza kuleta vitu kutoka nje, mjomba wake akaja na kompyuta kutoka Dubai. Ikawekwa chumba cha nyuma, katikati ya majora ya vitambaa, kwa ajili ya hesabu za duka. Sisi tukagundua kwamba ndani yake kuna mchezo wa nyoka anayekula nukta. Tukitoka shule, tunakaa kiti kimoja. Yeye anashika vitufe vya kushoto na kulia, mimi vya juu na chini. Nyoka mmoja, wasichana wawili. Tukikosana kidogo tu, nyoka anajigonga ukutani. Tunaendelea hivyo mpaka baba yake aseme, "Bas, wasichana, umeme huo."

Likizo nilikuwa napanda naye kwetu Mwika. Alilala kihambani, kwenye shamba letu la migomba, akala mtori wa ndizi wa mama, akatajiwa migomba ya kila aina jina kwa jina kama somo la dini. Mama alimfundisha kusalimia Kichagga. Mama akampenda kuliko mimi, na hakuficha.

Tulipomaliza kidato cha nne, familia yao ikahamia Kanada. Tukaandikiana. Kisha barua zikachelewa. Kisha zikakoma. Nikasema sawa, amepata wenzake. Nikamkasirikia, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumkumbuka tu, ila sikutaka kuiita hivyo. Mnajua mwaka jana alijiunga humu. Hakuandika neno. Kila nilipofungua kundi nilitazama kwanza jina lake, kuona kama limesema kitu. Halikusema.

Mpaka jana. Mliiona wote. Aliandika kwamba ametengeneza mchezo wa kompyuta, kwamba huko aliko unauzwa kihalali kabisa, sisi anatupa bure, na kiungo cha kuupakua ni hiki. Halafu mwishoni: "Manka aufungue kwanza."

Nilisoma hayo maneno matatu mpaka yakaanza kuonekana kama yameandikwa kwa lugha nyingine. Manka aufungue kwanza.

Leo nikawahi kituoni. Nilivaa ile blauzi yangu ya bluu ya harusi za watu. (Kwa ajili ya faili. Ndiyo. Nilivalia faili.) Nikaanza kupakua. Mtandao wetu mnaujua, mchezo ulikuwa unashuka tone kwa tone kama mtu anachuja pombe ya mbege. Wanafunzi wakaanza kuingia, mchezo bado unashuka. Hawa ni watu wazima wa kozi ya siku nzima, makarani na wenye maduka. Mbele kabisa anakaa Sista Oliva, mtawa kutoka Kibosho, aliyeletwa na shirika lake ajifunze kuchapa ili asaidie ofisi ya shule yao. Sista ni mpole, ni msikivu, na hakosi.

Leo nilikuwa nimeunganisha kompyuta yangu na projekta. Maana yake ninachokiona mimi, darasa zima linakiona ukutani. Likumbukeni hilo.

Faili likakamilika. Nikasema moyoni, haya, Nasim. Nikabofya.

Ukuta mzima ukawa mwekundu.

Ikafuata sauti kama ya gari la wagonjwa. Ni antivairasi yetu, programu ya kukamata virusi, ambayo asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imejipakulia orodha mpya ya virusi na ilikuwa na hamu ya kazi. Ikaandika kwa herufi kubwa: HATARI. PROGRAMU HII INA VIRUSI. IMEFUNGIWA.

Nisiwadanganye, kompyuta haikunitia hofu. Kilichoniuma ni kingine. Mnazijua zile barua zinazojituma zenyewe kwa jina la mtu, mwenyewe hana habari. Nikajua ndiyo hii. Nasim hakuandika chochote. Ni kirusi kimeingia kwenye kompyuta yake, kimeokota jina langu kwenye anwani zake, kimeandika "Manka aufungue kwanza" kama ambavyo kingeandika jina la mtu yeyote. Na mimi hapo na blauzi yangu.

Darasa lilikuwa linanitazama. Nikafanya anachofanya mtu aliyeumia mbele za watu. Nikajifanya nilikuwa nimepanga.

"Mnaona?" nikasema. "Nimewaletea kirusi halisi, mkione kwa macho. Kila mtu asimame. Mikono mbali na kompyuta."

Wakasimama. Nikachomoa waya wa mtandao kwa madaha, nikauinua juu kama mtu aliyekamata nyoka.

Sista Oliva akauliza, "Mwalimu, inaambukiza?"

"Sana, Sista."

Akasogeza kiti nyuma na kuficha mikono ndani ya vazi lake.

Nikawahutubia. Nikasema virusi huja na sura ya rafiki. Nikasema usifungue kitu kwa sababu tu umempenda aliyekituma. Sauti ilianza kutetemeka kidogo hapo, nikajifanya nakohoa. Halafu nikarudisha waya, nikakaa, nikaandika ile barua kwenu. Kichwa chake nakirudia hapa kwa aibu yote, ili historia iwe kamili:

NASIM ANA VIRUSI.

Na mstari wa kwanza: "Nimepima mwenyewe leo asubuhi, hakuna shaka."

Na wa pili: "Amekaa kimya miaka yote hii, halafu anachotuletea ndicho hiki. Aliyekwisha kugusa kitu chake ajitenge, anipigie simu."

Baada ya hapo ndipo nikaeleza habari za faili na mchezo na kiungo. Lakini hapo kila mtu alikuwa ameshaacha kusoma.

Nikabofya "tuma". Nikajisikia nafuu. (Nafuu. Yaani mimi.)

Tulipotoka kula mchana na kurudi, simu ya kituo ikalia. Simu hii ni ya mkononi, namba yake iko chini ya kila barua ninayoandika, na hukaa mezani kwa Bwana Urio, mwenye kituo, pembeni mwa darasa. Ina ugonjwa wake: sehemu ya kusikilizia imekufa. Inaongea kwa spika tu, kama redio. Bwana Urio hajaitengeneza kwa sababu, anasema, kituo cha kazi hakina siri.

Alikuwa ni Gaudensia wetu, wa Dar es Salaam. Analia.

"Manka, ni kweli?"

Darasa likanyamaza kumsikiliza.

"Kweli kabisa," nikasema. "Nimepima mwenyewe."

"Maskini Nasim wa watu. Lakini umempimaje naye yuko Kanada?"

"Si alituma? Nimepokea leo asubuhi."

Kilio kikakatika.

"Alituma damu?"

 Nikamuuliza taratibu, "Gaudensia, barua yangu umeisoma?"

"Nimesoma mwanzo. Ningeendeleaje na machozi yale? Nimewapigia walioko Arusha na Mwanza, nao wanawaambia wengine. Nimewaambia mtu asimnyanyapae, kila mmoja amwandikie leo leo. Tayari watu wanamwandikia, Manka. Lakini na wewe, hivi kweli ndivyo habari kama hiyo inavyotolewa? Kwa herufi kubwa?"

Nilimweleza. Nikamwambia ni kompyuta, Gaudensia, kompyuta ndiyo ina virusi. Akasema, "Mungu akusamehe," akakata. Sijui kama ilikuwa furaha au hasira. Gaudensia, ukisoma hapa, niambie.

Niliposhusha simu, Sista Oliva alikuwa ananitazama.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "ugonjwa wa mtu hautangazwi."

"Sista, ni kompyuta."

"Hata hivyo."

Nikakimbilia kuandika masahihisho. Mtandao umekatika. Ule ule mtandao uliopitisha upuuzi wangu asubuhi bila kukwama, sasa nina neno la maana umelala. Bwana Urio akapiga simu kwa watu wa mtandao, wakasema wanalishughulikia. Nikabaki na faraja moja tu: angalau kirusi chenyewe ni cha kweli. Nimekosea kichwa cha habari, lakini kipimo changu ni sahihi.

Faraja hiyo haikukaa.

Mchana huwa nawaacha wanafunzi wafanye mazoezi ya vidole kwa mchezo wa kuchapa. Herufi zinashuka kama mvua, wewe unazichapa kabla hazijagusa ardhi. Bwana Urio aliununua dukani, diski yake halisi ipo kabatini, na tumeutumia tangu kituo kifunguliwe. Sista Oliva anaupenda mno. Huwa ananong'ona "rudi, rudi" herufi zikimshinda.

Akaufungua. Kompyuta yake ikapiga king'ora.

Sista akainua mikono juu. "Mwalimu, na mimi ninavyo."

Kabla sijamfikia, ya pembeni yake ikalia. Halafu ya nyuma. Mtu mmoja alikuwa amefungua mchezo wa karata, ule unaokuja na kompyuta yenyewe toka kiwandani, nao ukaitwa kirusi. Mwingine alitaka kuchapisha karatasi, programu ya printa ikaitwa kirusi. Chumba kizima kikawa kinalia kama mji uliovamiwa. Bwana Urio akainuka mezani kwake mbio na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto.

Nikageuka kutazama ukutani. Antivairasi kwenye kompyuta yangu ilikuwa imefungua dirisha jipya. Imekuta kirusi kingine. Nikasoma jina la faili. Lilikuwa ni faili lake mwenyewe. Ilikuwa inaniomba ruhusa ijifute.

Nilisimama pale na ukweli ukaniingia polepole, kama maji kwenye kiatu. Mbwa akimbwekea mgeni, unaweza kumwamini. Akimbwekea mwenye nyumba, unaanza kufikiri. Akiubwekea mkia wake, basi tatizo ni mbwa.

Sista Oliva akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tangu Kwaresima nimekuwa nikicheza ugonjwa?"

"Hapana, Sista," nikasema. "Hakuna ugonjwa."

Nieleze kwa kifupi, maana wengi wenu mtaulizwa na watoto. Watengenezaji wa michezo huibana programu zao ziwe ndogo, ili zishuke haraka kwenye mitandao kama yetu. Wenye virusi nao huvibana vitu vyao kwa mtindo huo huo, wapate kujificha. Orodha mpya ya leo iliandikwa vibaya. Inaona mbano tu, haitazami kilichomo. Dawa yake ni nyepesi. Unakipima kitu kwa antivairasi ya pili kabla hujapiga kelele. Ndilo somo ninalofundisha wiki ya kwanza. Nina hata wimbo wake mdogo. (Msiniulize.)

Kwenye kona tuna kompyuta moja kuukuu yenye antivairasi ya kampuni nyingine. Nikatoa mchezo wa Nasim kifungoni, nikauhamishia huko, nikaupima. Safi. Nikapima tena. Safi. Hauna hata vumbi.

Nikaurudisha kwenye kompyuta yangu, nikaiamuru antivairasi iuache, nikabofya. Sikukumbuka kuzima projekta.

Ukutani ikatokea barabara. Barabara ya udongo mwekundu, inapanda. Kushoto migomba, kulia migomba, katikati kahawa imeanikwa. Juu kabisa kuna wingu, na nyuma ya wingu unajua kuna nini ingawa huoni. Ilikuwa ni njia ya kwetu. Si njia inayofanana na ya kwetu. Ule mfereji anaoruka mtu kabla ya kona ulikuwepo. Jiwe ambalo Nasim aliwahi kuteleza juu yake na kunivuta tukaanguka wote wawili, lilikuwepo.

Halafu akatokea msichana mwenye sare ya shule, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Anatembea, miguu imejipinda kama mabano.

Darasa lote likapasuka kicheko.

"Mwalimu, huyo si wewe?" akauliza mtu wa nyuma.

"Ninyi mmejuaje?"

 Wote walikuwa wanatazama miguu yangu. (Ndiyo, nina matege. Mlikuwa mmesahau, sasa mmekumbushwa.)

Nikaanza kucheza. Kushoto na kulia, juu na chini. Mikono yangu miwili, vitufe vyote vinne. Enzi zile za nyoka sikuwahi kuvishika vyote peke yangu, na nilijigonga kila mahali. Niligonga mgomba. Niligonga mbuzi. Niliangukia mferejini. Mwishowe nikafika juu, kwenye nyumba ya bati. Mlangoni amesimama mama mmoja aliyejifunga kanga mbili kwa ule mtindo wa mama yangu, fundo ubavuni. Msichana akatua ndizi. Spika za darasa zikatoa sauti ya mtu, sauti ya kike, inayotamka polepole kama anayevuka mto juu ya mawe:

"Shimbonyi, mae."

Ilikuwa ni salamu ya Kichagga ya kumwamkia mama, kwa sauti ya Nasim.

Yule mama mlangoni hakujibu. Alisimama tu. Mchezo ukasimama naye.

Nami nilikuwa nimesimama hivyo hivyo simu ilipolia tena. Bwana Urio akaitazama kwa heshima. "Namba ndefu," akasema. "Ya nje." Akaibonyeza.

"Haloo," ikasema spika. "Hapo ni kituo cha kompyuta? Naomba kuongea na daktari aliyenipima."

Hakuna aliyecheka. Sauti ilikuwa ile ile iliyotoka ukutani muda mfupi uliopita, na kila mtu aliitambua. Sista Oliva akafanya ishara ya msalaba.

"Nasim," nikasema.

"Ndiyo mimi. Mgonjwa."

Nikaanza kuomba radhi. Niliomba radhi kwa ajili ya faili, ya herufi kubwa, ya kipimo, ya antivairasi, ya mtandao. Nikafika kwenye ule mstari wa pili, nikakwama. Akasubiri. Halafu akasema, "Ule wa kukaa kimya?"

"Huo."

"Ule hukukosea. Nilikaa kimya." Alikuwa anatafuta maneno moja moja. "Manka, Kiswahili changu kimepata kutu. Nikianza kukuandikia, sentensi ya pili inanitoroka. Kiingereza ningeweza, lakini mimi na wewe Kiingereza tuliongea mbele ya mwalimu tu. Nikaona aibu. Mwaka ukapita. Halafu nikaona aibu ya mwaka. Halafu ya miaka. Ndiyo nikasema, acha nitengeneze barabara. Barabara haina sarufi."

 Nilishika meza.

"Leo nimeamka," akaendelea, "bado giza huku, nikafungua kompyuta. Barua zimejaa. Watu ambao nilijua wamenisahau. Mmoja ananiambia ananiombea. Mmoja anakumbuka nilimpa kipande cha kitambaa cha mahafali. Mmoja anasema nirudi, kwao kuna chumba. Nimesoma na kulia, nimesoma na kulia, sijui hata nimekufa au vipi. Ndipo nikaikuta ya kwako, nikasoma mpaka mwisho. Nafikiri nimekuwa mtu wa kwanza kuisoma mpaka mwisho."

"Nafikiri hivyo," nikasema.

Hapo akacheka. Jamani, mnakikumbuka kile kicheko? Kile kinachoanza kama mtu anayepaliwa. Darasa zima likacheka naye, na ndipo akagundua.

"Manka, hao ni nani?"

"Ni darasa. Simu yetu haina sikio, ina spika tu. Wamesikia yote."

Halafu, kwa adabu yote, "Shikamooni nyote."

"Marahaba," wakaitikia, Sista akiwa wa kwanza.

"Mlima umetoka leo?" Nasim akauliza. Hakuniuliza mimi, aliwauliza wote.

Vichwa vyote vikageukia dirishani. "Umefunikwa, mwanangu," akajibu Sista Oliva. "Asubuhi ulichungulia kidogo tu."

"Huku milima ipo," akasema Nasim. "Mingi. Inaonekana siku nzima. Sijaizoea."

Na hapo ndipo nilipoumbuka rasmi. Nililia. Si yale machozi ya mtu mzima, ya kupangusa kwa kidole. Nililia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, mbele ya makarani na wenye maduka na mtumishi wa Mungu, na yule msichana wa matege amesimama ukutani nyuma yangu akinisubiri. Bwana Urio hakujua afanye nini, akanipa kitambaa. Ni kile tunachofutia vumbi la kompyuta. Nikakipitisha usoni. Nilipokiondoa darasa lilikuwa linajitahidi sana kutonitazama.

Nilipoweza kuongea nikamuuliza, "Mbona mama hajibu? Pale mlangoni."

"Nimelisahau jibu," akasema Nasim. "Salamu yake nilikuwa nayo, nilikuwa naisema hata peke yangu jikoni. Jibu lake nimelitafuta nikalikosa. Sikutaka kuokota la kwenye kitabu, kila upande wa mlima una jibu lake. Nikaacha nafasi. Ndiyo maana nilitaka uufungue kwanza, uniambie. Mama yupo?"

"Yupo. Kila msimu wa kahawa ananiuliza yule Mhindi wake atarudi lini."

 Nilisikia anavuta pumzi.

"Basi niambie," akasema. "Anajibuje?"

Nililijua. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaona si langu kulitoa. Nikamwambia Jumamosi napanda Mwika na kinasa sauti cha kituo (Bwana Urio akatikisa kichwa kukubali kabla sijamwomba), na mama atamjibu mwenyewe, kwa kinywa chake. Nikamwonya kwamba ataongeza na maneno mengine, na huenda yakawa makali.

"Yawe makali," akasema Nasim.

Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.  Bwana Urio akakohoa. Akauliza kama huo ugonjwa unaweza kuwekwa kwenye kompyuta zote.

Tukauweka. Walicheza mpaka muda wa kufunga. Sista Oliva, kwa vile vidole vyake vya mvua ya herufi, aliwaacha wote nyuma, akawa wa kwanza kufika mlangoni. Akasimama pale na ndizi zake. Akasubiri. Akaniita.

"Mwalimu, mbona mama hanijibu?"

"Jibu linakuja Jumamosi, Sista."

"Basi nitasubiri," akasema, na kweli alikaa, mikono mapajani, hakufungua kitu kingine.

Mtandao umerudi sasa hivi, ndiyo nawaandikia. Pakueni mchezo. Antivairasi yenu ikipiga kelele nyekundu, msifute kitu, pimeni kwa nyingine, na subirini hiyo kampuni irekebishe orodha yake. Mliomwandikia Nasim barua za pole, msimwombe azifute. Nilimuuliza kwa niaba yenu. Amesema hazirudishwi. Na ambao hamkumwandikia mkidhani ni mzima, mwandikieni tu, mtu haandikiwi mpaka augue?

Naombeni asicheke mtu. Mwenye ruhusa ya kucheka ni Nasim peke yake, na ameshaitumia.